Dhambi ya Mababu na Dhambi ya Wakati Wake: Uhakiki wa Maisha na Maandishi ya Nathaniel Hawthorne

Nathaniel Hawthorne ni mmoja wa watungaji wa Marekani wa karne ya 19 ambao sifa yao haijapungua. Jina lake hutajwa pamoja na la Edgar Allan Poe na la Herman Melville kila yanapozungumzwa mambo ya asili ya hadithi fupi na riwaya katika nchi ile, na vitabu vyake vingali vyasomwa mashuleni na vyuoni. Jambo alilolishughulikia kuliko mengine yote ni dhambi. Wala si tendo lenyewe, bali yale yafuatayo baada ya tendo: siri, fedheha, hatia imlayo mtu ndani kwa ndani, na deni ambalo mzazi huwaachia watoto na wajukuu. Katika makala haya twataka kuuliza swali moja juu yake. Mtu aliyejua hivyo namna dhambi ya mababu inavyorithiwa, je, aliionaje dhambi kubwa ya wakati wake mwenyewe, yaani utumwa? Jibu letu ni kwamba aliiona, akaifunika. Na kwamba chombo alichotumia kuifunika ndicho kile kile kilichomfanya kuwa fundi katika hadithi zake. Kwa hiyo uhodari wake wa kuandika na udhaifu wake katika mambo ya nchi havitengeki kwa urahisi, na mhakiki hana budi kuvitazama pamoja.

Hawthorne alizaliwa tarehe 4 Julai 1804 katika mji wa Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts. Baba yake, aliyekuwa nahodha, alikufa kwa homa ya manjano huko Suriname mwaka 1808, na mjane akarudi kwa ndugu zake pamoja na watoto watatu. Jina la ukoo lilikuwa Hathorne. Mtungaji mwenyewe ndiye aliyeongeza herufi moja alipokuwa kijana. Wako wanaosema kwamba alitaka kujitenga na mababu zake, na kama ndivyo, sababu yaeleweka. William Hathorne, aliyefika Massachusetts mwaka 1630, alikuwa hakimu mkali aliyewatesa watu wa madhehebu ya Quaker. Mwanawe, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu waliowahoji watuhumiwa wa uchawi huko Salem mwaka 1692, mwaka ambao watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akafa kwa kulundikiwa mawe kifuani. Hakimu mwenzake, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mwaka 1697 huku maungamo yake yakisomwa mbele ya waumini. John Hathorne hakufanya hivyo. Mtungaji wetu alikuwa kilembwe chake.

Mwaka 1821 Hawthorne aliingia Chuo cha Bowdoin, huko Brunswick katika jimbo la Maine, akamaliza mwaka 1825. Urafiki alioupata huko ulimfuata maisha yake yote. Henry Wadsworth Longfellow, mshairi, alikuwa wa darasa lake. Horatio Bridge ndiye aliyejitolea kwa siri kumdhamini mbele ya mpiga chapa ili kitabu chake cha hadithi, Twice-Told Tales, kitoke mwaka 1837. Na Franklin Pierce, aliyekuwa mwaka mmoja mbele yake, alikuja kuwa Rais wa Marekani. Baada ya chuo alikaa nyumbani Salem kwa muda wa miaka 12 hivi, akisoma na kuandika, bila kuonekana sana na watu. Riwaya yake ya kwanza, Fanshawe, aliitoa mwaka 1828 kwa gharama yake na bila jina lake, kisha akajaribu kuziondoa nakala zake zisisomwe. Alipata kazi katika forodha ya Boston kuanzia mwaka 1839 hadi 1841, akaishi miezi kadhaa ya mwaka 1841 katika shamba la ushirika la Brook Farm, na mwaka 1842 akamwoa Sophia Peabody. Watoto wao walikuwa watatu: Una, Julian na Rose.

Hadithi fupi za miaka ile ya upweke zaonyesha tayari msingi wa kazi yake. Katika "Young Goodman Brown", iliyotoka mwaka 1835, kijana mmoja amwacha mkewe aliyemwoa karibuni na kuingia msituni usiku, akaona, au akadhani kuwa ameona, waheshimiwa wote wa mji wake wamekusanyika kumwabudu Shetani. Arudipo asubuhi, hawezi tena kumwamini mtu, wala mkewe. Katika "The Minister's Black Veil", ya mwaka 1836, mchungaji aitwaye Hooper ajifunika uso kwa utaji mweusi, asiuvue hata kufani, wala asiseme kwa nini. Waumini wake wamwogopa, kwa kuwa kila mmoja wao aona katika utaji ule siri yake mwenyewe.

Namna ya kusimulia katika hadithi hizi yastahili kuangaliwa kwa makini. Hawthorne hasemi kwamba jambo fulani lilitokea. Husema kwamba wengine waliliona hivi, wengine vile. Kwamba huenda ilikuwa ndoto. Kwamba msomaji na achague atakalo. Hii si hila ya mtu asiyejua hadithi yake yaishia wapi. Ni njia ya kuihamisha hukumu kutoka mkononi mwa msimulizi na kumtia msomaji mahali pa hakimu, mahali ambapo babu yake John Hathorne aliketi mwaka 1692 na kuhukumu kwa haraka mno. Mwenye babu wa namna ile ana haki ya kuiogopa hukumu ya haraka. Basi mashaka, ambayo kwa mtungaji mwingine yangekuwa pambo tu, kwake ni adabu ya kazi. Yafaa tulikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1846, wakati wa utawala wa Rais Polk, Hawthorne aliteuliwa kuwa mkaguzi wa forodha ya Salem. Chama kingine kiliposhika serikali, aliondolewa kazini mwezi wa Juni 1849, na mwisho wa Julai mama yake akafa. Katika huzuni na uhitaji huo aliandika The Scarlet Letter, yaani "Herufi Nyekundu", iliyotolewa Boston mwezi wa Machi 1850. Chapa ya kwanza ya nakala 2,500 iliuzwa kwa siku 10 hivi.

Hadithi ni ya Boston ya Wapuritani, kati ya mwaka 1642 na 1649. Hester Prynne, mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo, amezaa mtoto. Ahukumiwa kusimama juu ya jukwaa la adhabu mbele ya umati, na kuvaa kifuani, maisha yake yote, herufi A ya kitambaa chekundu. Akataa kumtaja baba wa mtoto, naye ni Arthur Dimmesdale, mchungaji kijana anayependwa na mji mzima. Mumewe Hester awasili, ajiita kwa jina la Roger Chillingworth, na kwa hila ya utabibu ajisogeza karibu na mchungaji ili amchimbue siri yake. Baada ya miaka 7 Hester, aliyeibeba aibu yake hadharani, amekuwa msaada wa maskini na wagonjwa. Bali Dimmesdale, aliyeificha, amekwisha nguvu, na afa juu ya jukwaa lile lile baada ya kukiri mbele ya watu. Hata hapo msimulizi hashiki upande: wengine wasema waliona herufi imechorwa katika nyama ya kifua chake, wengine wasema hawakuona kitu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kitabu hiki chaleta maswali mawili ya lugha ambayo yana faida kwa uhakiki wenyewe. La kwanza ni herufi. Neno la Kiingereza la kosa lile halikuandikwa popote katika riwaya. Mtungaji aliiacha herufi peke yake, ili maana yake iweze kugeuka. Watu wa mji, waonapo wema wa Hester, waanza kusema kwamba A hiyo ni ya uwezo, kwa kuwa katika Kiingereza neno hilo laanza kwa herufi hiyo. Na usiku mmoja itokeapo alama mbinguni, wengine waisoma kuwa ni ya malaika. Mtu angedhani kwamba jambo hili halifasiriki. Lakini Kiswahili kina bahati hapa: asherati yaanza kwa A, na auni, kwa maana ya msaada, yaanza kwa A pia. Mfasiri aweza kuiacha herufi ilivyo, asiieleze, na msomaji Mswahili ataiona ikitoka katika asherati na kuelekea auni, kwa mwendo ule ule alioutaka mtungaji. Malaika peke yake ndiye atakayepotea, na hasara hiyo yavumilika.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la neno la kuficha. Katika adabu za Waswahili, kumsitiri mwenzio ni jambo la kusifiwa. Anayeifunua aibu ya mwingine bila haja ameongeza uovu juu ya uovu. Msomaji aliyelelewa katika adabu hii aweza kudhani kwamba Hawthorne ampinga, kwa sababu riwaya yake yaonekana kufundisha kwamba siri huua. Akiangalia vema ataona kwamba sivyo. Hester amsitiri Dimmesdale kwa miaka 7, na mtungaji hamlaumu kwa hilo. Chillingworth, afunuaye siri ya mwingine kwa hila, ndiye aliye mwovu kupita wote. Lawama yamwangukia anayeficha kosa lake mwenyewe huku mwingine akiadhibiwa kwa ajili yake. Basi mfasiri asitumie neno moja kwa watu wawili hawa: Hester asitiri, Dimmesdale aficha. Tofauti hii, ambayo Kiswahili chaibainisha kwa maneno mawili, ndiyo roho ya kitabu. Na kwa tofauti hii hii twaweza kumpima mtungaji mwenyewe.

Mwaka 1851 Hawthorne alitoa The House of the Seven Gables, riwaya ya ukoo wa Pyncheon, ambao babu yao alijipatia kiwanja cha maskini aitwaye Maule baada ya Maule kunyongwa kwa shitaka la uchawi. Mafunzo yake yameelezwa waziwazi katika dibaji: uovu wa kizazi kimoja huishi ndani ya vizazi vifuatavyo. Warithi wakaa katika nyumba ya dhuluma, na nyumba yawala. Lakini humo humo mna jambo dogo ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita. Bibi kizee Hepzibah Pyncheon, ambaye umaskini wamlazimisha kufungua duka, auza biskuti za tangawizi zilizofinyangwa kwa sura ya Jim Crow, yaani yule mtu mweusi wa kuchekesha aliyeigizwa na wachezaji wa siku zile. Mtoto mmoja wa jirani azinunua na kuzila, tena na tena, na msimulizi afanya mzaha. Katika kitabu kizima kinachouliza nani alidhulumiwa ili nyumba hii isimame, mtu mweusi aonekana kama kitu cha kutafunwa, na swali la kitabu halimfikii.

Haiwezi kusemwa kwamba Hawthorne hakuwa na mtu wa kumwambia. Mpinga utumwa mashuhuri, Charles Lenox Remond, mtu mweusi, alizaliwa Salem ile ile mwaka 1810, akahutubu Marekani na Uingereza. Shemeji yake, Elizabeth Peabody, alikuwa adui wa utumwa, na Sophia mwenyewe aliwahi kukaa Cuba kati ya mwaka 1833 na 1835, katika nyumba ya mashamba ya watumwa. Mwaka 1850 sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka iliufikisha utumwa katika barabara za Boston. Na kitabu cha Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, kilichowatikisa Wamarekani mwaka 1852, kiliandikwa Brunswick, katika mji wa chuo alichosoma Hawthorne.

Mwaka huo huo wa 1852 Hawthorne aliandika kitabu cha namna nyingine. Rafiki yake Franklin Pierce aligombea urais, naye akamtungia habari za maisha yake ili zisomwe na wapiga kura. Humo aliueleza utumwa kuwa ni uovu ambao akili za wanadamu haziwezi kuutibu, bali Mungu kwa wakati wake ataufanya utoweke kama ndoto. Pierce alishinda. Mwaka 1853 Hawthorne alipewa cheo cha konseli wa Marekani huko Liverpool, cheo chenye mapato mazuri, katika bandari iliyopokea pamba ya majimbo ya kusini. Akakishika hadi mwaka 1857. Pierce naye alitia sahihi mwaka 1854 sheria ya Kansas na Nebraska iliyofungua nchi mpya kwa utumwa. Elizabeth Peabody alipompelekea shemeji yake maandishi yake ya kupinga utumwa huko Uingereza, Hawthorne aliyarudisha.

Tazama sasa neno lile la ndoto. Katika "Young Goodman Brown", kuuliza kama mambo yalikuwa ndoto ni kumfanya msomaji asiwe mwepesi wa kuhukumu. Katika habari za maisha ya Pierce, kuufananisha utumwa na ndoto itakayotoweka ni kumfanya msomaji asihukumu kabisa. Lugha ni moja, ila kazi yake imegeuka. Mashaka yalikuwa adabu yalipohusu moyo wa mtu mmoja, ambao hakuna aujuaye ila Mungu. Utumwa haukuwa siri ya moyo. Ulikuwa na sheria zake, soko lake na bei zake. Mamilioni ya watu walikuwa ndani yake, nao walikuwa wakisema. Kuutilia mashaka hapo si kuahirisha hukumu, bali ni kuitoa kwa upande wa mwenye mali.

Mtu aweza kumtetea Hawthorne kwa kusema kwamba alimsitiri rafiki. Utetezi huu si wa kudharauliwa, kwa kuwa uaminifu wake kwa Pierce ulikuwa wa kweli, wala haukutaka faida siku zote. Mwaka 1863, wakati Pierce alipochukiwa na watu wa kaskazini kwa kuipinga siasa ya vita, Hawthorne alimtabarukia kitabu chake Our Old Home ingawa mtoaji wake wa vitabu alimwonya kwamba kitamharibia. Lakini sitara ina mpaka wake, na mpaka huo umo katika The Scarlet Letter. Hester amsitiri Dimmesdale kwa gharama ya kifua chake mwenyewe. Hawthorne alimsitiri Pierce kwa gharama ya watu wengine, ambao hawakuulizwa.

Hapa msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki ana jambo la kuongeza ambalo wahakiki wa Marekani hawalitaji mara nyingi. The Scarlet Letter yatanguliwa na insha ndefu iitwayo "The Custom-House", yaani "Forodhani", ambamo Hawthorne aeleza maisha yake ya ukaguzi, na abuni kwamba katika chumba cha juu cha jengo lile alikuta kitambaa chekundu kilichochakaa, chenye herufi A iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Katika insha hiyo asema kwamba meli zilizofika Salem kwa kawaida zilitoka Afrika au Amerika ya Kusini. Afrika hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa Unguja. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan ulifanywa mwaka 1833. Konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Na wafanyabiashara wa mji ule waliishika biashara hiyo kwa miaka mingi, hata bandari yao ilipokuwa imedhoofika kwa mengine. Walichukua kutoka huku pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Walicholeta hasa ni nguo, nguo ile ya pamba isiyotiwa rangi ambayo kwa ajili ya asili yake Waswahili waliiita merikani.

Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kikiwamo kiwanda cha Salem kilichoanza kufuma katika miaka ya 1840, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Ilipofika Unguja ilibadilishwa kwa bidhaa ambazo baadhi yake zilitokana na jasho la watumwa wa huku: karafuu ya mashamba ya Unguja na Pemba, na pembe ambazo zilichukuliwa kutoka bara na wapagazi, wengine waungwana na wengine watumwa. Basi mkaguzi wa forodha aliyeketi Salem kati ya mwaka 1846 na 1849 alikaa mahali ambapo nyuzi mbili za utumwa zilikutana, akapokea mshahara wake kutoka katika serikali iliyotoza ushuru wa shehena hizo. Hatusemi kwamba kosa hili lilikuwa lake peke yake. Lilikuwa la mji wote, na la miji mingine, hata ya kwetu. Twasema tu kwamba katika jengo lile lile alimojidai kuwa alivumbua kitambaa cha dhambi ya karne ya 17, palipita hesabu za kitambaa cha karne ya 19, na macho yake yaliyokuwa makali kwa kile cha kwanza hayakukaa juu ya hiki cha pili. Katika insha hiyo alijitwika aibu ya mababu zake waliotesa watu, akaomba laana yao iondolewe. Juu ya mizigo ya siku zake alifanya mzaha kuhusu jina lake lililopigwa chapa juu ya magunia.

Mara moja, hata hivyo, utaji uliinuka. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea, Hawthorne alizuru Washington na sehemu za Virginia, akaandika makala yaliyotoka mwezi wa Julai katika gazeti la Atlantic Monthly. Aeleza jinsi alivyokutana njiani na kundi la watumwa waliotoroka, asema aliwaonea huruma, lakini hakujua awatakie nini. Kisha aleta wazo la ajabu: kwamba meli ya Mayflower, iliyowaleta Wapuritani wa kwanza mwaka 1620, katika safari ya baadaye ilileta watumwa Virginia, na kwa hiyo wana wa Wapuritani na watu weusi wa kusini ni ndugu waliotoka katika tumbo moja. Historia haithibitishi kwamba ilikuwa meli ile ile. Lakini kama mfano, hakuna neno katika maandishi yake yote lililo na nguvu kupita hili. Hapo hatimaye aliitia dhambi ya utumwa katika nasaba yake mwenyewe, mahali alipoitia ile ya 1692. Angeweza kutunga riwaya juu yake.

Hakutunga. Makala yenyewe yana tanbihi zinazomkemea mwandishi kwa maoni yake, kana kwamba zimeandikwa na mhariri; kumbe ziliandikwa na Hawthorne mwenyewe. Amesema, akajikanusha, na msomaji aachwa katikati. Ni njia ile ile ya hadithi zake za ujana, ila sasa hajifichi nyuma ya mchungaji wala ya msitu. Ajificha nyuma ya jina la mhariri. Katika miaka yake ya mwisho alianza riwaya kadhaa, asiweze kumaliza hata moja. Maradhi yalikuwa sababu, na huzuni ya vita pia. Sisi twadhani kwamba palikuwa na sababu nyingine: chombo chake kilihitaji hatia iliyofichika, na wakati ule hatia ya nchi ilikuwa imekwisha toka hadharani, ikipigwa kwa mizinga. Mtu aliyezoea kuuliza "huenda" hakuwa na la kuuliza. Alikufa tarehe 19 Mei 1864 huko Plymouth, New Hampshire, safarini pamoja na Pierce, akazikwa Concord.

Yafaa kumlinganisha na rafiki yake mwingine. Herman Melville alikutana naye mwezi wa Agosti 1850, akamtabarukia Moby-Dick mwaka 1851, na alijifunza kwake namna ya kutia giza katika hadithi. Mwaka 1855 Melville alitoa "Benito Cereno", hadithi ya meli ambayo watumwa wameiteka, wakamlazimisha nahodha kuigiza kwamba angali akiitawala, huku Mmarekani mwema aliyeizuru asione lolote. Hadithi yote imejengwa juu ya mashaka, kama za Hawthorne. Lakini mwisho wake wamhukumu yule asiyeona. Kwa hiyo si kweli kwamba njia ya mashaka haiwezi kuukabili utumwa. Iliweza mkononi mwa mwanafunzi, na mwalimu aliuacha mlango huo umefungwa.

Wahakiki wamekuwa wakilichungua jambo hili tangu mwisho wa karne ya 20. Jean Fagan Yellin, katika kitabu cha mwaka 1989, alimtazama Hester kando ya wanawake waliopinga utumwa. Na Toni Morrison, mwaka 1992, aliwafundisha wasomaji kuitafuta sura ya mtu mweusi hata pale ambapo watungaji weupe wa Marekani hawakumtaja. Baada ya kazi zao si halali tena kumsoma Hawthorne kama mhubiri wa dhambi za watu wote asiye na mahali wala mwaka.

Wala si halali kumtupa. Sheria tuliyotumia kumhukumu si yetu. Yeye ndiye aliyetupa. Ni yeye aliyefundisha kwamba dhuluma ya babu hukaa ndani ya nyumba ya mjukuu mpaka itajwe, na kwamba asitiriye mwenzake si sawa na afichaye lake. Kitabu kikiwa na kipimo cha kumpima hata mwandishi wake, kitabu hicho ni kikubwa kuliko mwandishi.

Akitokea mfasiri wa kuileta "Herufi Nyekundu" katika Kiswahili, tungemshauri mambo matatu. Herufi A na aiache bila kuieleza. Atenge maneno ya kusitiri na ya kuficha kwa uangalifu katika kila sura. Na ile insha ya "Forodhani", ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa hadithi haijaanza, asiiache nje, bali aieleze kwa maelezo mafupi juu ya Salem na Unguja. Msomaji wetu ana haki ya kujua kwamba meli zilizotajwa humo baadhi yake zilitoka katika bandari yake, na kwamba nguo zilizoleta, babu zake walizivaa.